Kutoka Mafiga Matatu Hadi Mtungi wa Gesi: Historia Fupi ya Jiko Letu

Katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka kumi tumeona tusiache kueleza habari za jiko. Wengine watauliza, jiko nalo lina historia gani? Linayo, tena ndefu, na fedha nyingi zilizopita katika sanduku letu lenye kufuli tatu zimeishia huko huko jikoni.

Enzi za kuni na mkaa

Bibi zetu walipikia mafiga matatu na kuni za kuokota. Sisi wa mjini tukashika mkaa, na mkaa ulionekana ni maendeleo: moshi wake kidogo, na unauzwa kwa kopo hapo hapo kwa jirani. Kumbe nao una gharama yake. Katika tanuri la udongo zinahitajika kilo 6 hadi 10 za miti, na pengine zaidi, kupata kilo 1 tu ya mkaa. Misitu iliyo jirani na Dar es Salaam, kama Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe, imeumia sana. Watafiti waliolinganisha hali ya misitu mwaka 1991 na mwaka 2005 walikuta uchomaji mkaa umezidi kusogea mbali na jiji. Gunia likitoka mbali, bei nayo inapanda, na anayelipa ni mama.

Njia za kujinasua zilitafutwa. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati, uliofanyika Nairobi mwaka 1981, Wakenya walitengeneza jiko la bati lenye kauri ndani, wazo lake likitokana na majiko ya Thailand. Jiko hilo likavuka mpaka likafika kwetu, na lilipunguza sana matumizi ya mkaa. Mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa, lakini marufuku haikudumu, maana watu wangepikia nini? Wengine tukategemea mafuta ya taa na jiko la mchina. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita ili kukomesha uchakachuaji. Basi, wengi tukarudi kwenye mkaa.

Moshi na afya zetu

Zamani macho mekundu ya mpishi yalionekana jambo la kawaida, na kikohozi cha mama tulisema ni baridi. Leo tunajua zaidi. Moshi wa kuni una chembe ndogo sana zisizoonekana, zinazopenya hadi ndani ya mapafu na kuingia katika damu. Zinaleta nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima magonjwa ya moyo, kiharusi, ugonjwa sugu wa mapafu na saratani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Wanaobeba mzigo huo zaidi ni mama na mtoto aliye mgongoni.

Mkaa usituhadae kwa kukosa moshi. Unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoizuia damu kubeba oksijeni. Jiko la mkaa likiachwa linawaka katika chumba kilichofungwa, waliolala humo wanaweza wasiamke. Mafuta ya taa nayo, Shirika hilo lilishauri mwaka 2014 yasitumike majumbani.

Lakini tusidanganyane kwamba gesi ni dawa ya kila kitu. Utafiti mkubwa uliogawa majiko ya gesi kwa wajawazito wa Guatemala, India, Peru na Rwanda, na matokeo yake kutolewa kuanzia mwaka 2022, ulionyesha kuwa moshi ulipungua sana, ila uzito wa watoto waliozaliwa na nimonia kali havikubadilika kama ilivyotarajiwa. Chanjo, lishe na kliniki bado vina kazi yake.

Kikundi na mtungi

Tulipoanza kununua hisa, kikwazo kilikuwa kimoja. Mkaa unaupata kwa fedha ya leo, kopo kwa kopo. Mtungi unataka fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na ukiisha, kujaza ni vile vile. Ukipiga hesabu ya mwezi mzima mkaa unaweza kukugharimu zaidi, lakini hiyo fedha ya mkupuo mama anaitoa wapi? Hapo ndipo kikundi kilipofaa. Tulikopeshana mtungi mdogo wa kilo 6 na jiko lake, mkopo ukarejeshwa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Kwetu sisi ilijaza mtungi.

Bado kuna kazi

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Tunaunga mkono. Ila gesi ya mitungi inatoka nje ya nchi, siyo ile ya Songo Songo, kwa hiyo bei ya dunia ikipanda na sisi tunaumia. Wengi wetu bado maharage tunayachemshia mkaa, gesi tunaiwekea chai. Pengine jiko la presha la umeme litatufaa kwa hilo, pale umeme unapopatikana.

Tena wapo wenzetu humu kikundini ambao ada za watoto wao zimelipwa na biashara ya mkaa. Hatuwezi kushangilia mtungi huku tukimwacha mwenzetu bila riziki. Tunapendekeza mkutano mkuu ujao uwafikirie hao kwanza katika mikopo ya kubadili biashara. Wafadhili na majirani mnaosoma kijitabu hiki, tusaidieni katika hilo. Umoja ni nguvu.