NENO LA WIKI: Kusudi na makusudi

Pale Adams Arcade, karibu na kituo cha matatu za Barabara ya Ngong, limetundikwa bango la semina ya akina mama: "Kuwa Mwanamke wa Makusudi." Waandalizi walimaanisha mwanamke anayejua kwa nini Mungu alimuumba. Lakini muuza mitumba wa soko la Toi akilisoma ataelewa mengine kabisa, maana mtu wa makusudi ni yule anayekukanyaga huku anakuona, kisha anasema pole. Waandike "mwanamke mwenye kusudi", yaishe. Neno lenyewe ni la Kiarabu, qasd, kuelekea jambo kwa kulitaka, na Biblia ya Union Version inalo katika Warumi 8:28. Tangu mchungaji Rick Warren atoe kitabu chake The Purpose Driven Life mwaka 2002, mimbari zetu hazijalipumzisha.

Wala kusudi si lengo. Lengo limetokana na kulenga: unajiwekea mwenyewe, unapata au unakosa. Kufungua saluni kabla ya Desemba ni lengo. Wito nao unataka mwitaji, ndiyo maana kanisani unakaa vizuri kuliko benki. Na kujiamini, ambako semina hizi hukuahidi kwa wingi, kuna shina moja na imani na amana. Tusikuchanganye na kujiona. Mama anayeongoza maombi bila sauti kutetemeka anajiamini. Anayenuna kwa kuwa hakutengewa kiti cha mbele, huyo anajiona, na hahitaji semina ya kumwongezea.