Wahadhiri wa Muda Walivyojaa Vyuo vya Marekani

Mwaka 1970 vyuo vya Marekani vilikuwa na wahadhiri wapatao 474,000, na takriban 369,000 kati yao waliajiriwa kwa muda wote. Kufikia 2011 jumla ilikuwa imepita milioni 1.5, na nusu yao walikuwa wa muda.

Vyuo vya jamii vilichangia sana mabadiliko hayo. Miaka ya 1960 viliongezeka kwa kasi, vikipokea hata watu wazima waliosoma jioni baada ya kazi. Kumwalika mhasibu au muuguzi afundishe somo moja lilikuwa jambo la busara, kwani alikuja na uzoefu wake. Lakini fedha zilipopungua, unafuu wake ulionekana wazi: mtu huyo hulipwa kwa somo, mara nyingi bila bima ya afya wala pensheni. Kilichokuwa nyongeza kikawa nguzo.

Mwanafunzi naye huumia. Mhadhiri anayekimbia kutoka chuo kimoja hadi kingine mara nyingi hana hata ofisi ya kumpokea kijana aliyekwama.

Kwa hiyo kulinganisha vyuo kwa asilimia ya wahadhiri wa muda wote kuna maana, ila kunahitaji jicho kali. Takwimu za serikali huwaweka kando wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaofundisha, hivyo chuo kikuu kinachowategemea huweza kung'aa kupita stahili yake. Tena, wengi wanaofanya kazi muda wote wako kwenye mikataba mifupi, bila ule ulinzi wa ajira ambao chama cha maprofesa, AAUP, kiliutetea katika tamko la 1940.