Nairobi hadi New York kwa ndege: linda miguu yako

Kutoka Nairobi hadi New York ni takribani kilomita 11,800. Ndege ya moja kwa moja huchukua saa 15 hivi kwenda, na saa 14 hivi kurudi.

Kwa nini muda huo ni muhimu?

Ukikaa bila kusogea kwa zaidi ya saa 4, damu hupita polepole miguuni na inaweza kuganda. Kwa wasafiri wengi hatari ni ndogo, lakini donge la damu likifika kwenye mapafu linaweza kuua.

Ukiwa ndani ya ndege

- Simama utembee kila baada ya saa moja au mbili.
- Ukiwa umeketi, kunja na kunjua vifundo vya miguu.
- Kunywa maji, punguza pombe.

Muone daktari kabla ya safari ikiwa:

- una ujauzito au umejifungua karibuni
- umefanyiwa upasuaji karibuni
- umewahi kupata donge la damu
- unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni.

Nenda hospitali haraka

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikiuma au ukikosa pumzi, usisubiri, hata kama ulishafika wiki kadhaa zilizopita. Mweleze daktari kwamba ulisafiri.