Sahani za Kutazamwa

Kuna sahani ambazo hazikununuliwa zipakuliwe wali. Kwenye nyumba za mawe, Lamu hadi Mji wa Kale Mombasa, kuta za ndani zilitiwa vidaka, na humo zikapangwa kauri za China. Karne ya 19 yakaja mabakuli ya maua kutoka Maastricht, Uholanzi. Rahisi kidogo, manake sasa hata asiye tajiri angeanza kukusanya.

Na haikuwa hobi ya kujifungia. Mgeni anakaribishwa, anatazama, anahesabu kimoyomoyo. Hata wafu hawakuachwa nyuma: nguzo ya kaburi kule Mambrui ilipachikwa mabakuli ya enzi ya Ming.

Leo ukizitaka kauri, nenda Fort Jesus. Nyingine zilitoka kwenye Santo António de Tanna, meli ya Kireno iliyozama hapo mbele ya ngome 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977. Zimehifadhiwa vizuri enyewe, nyuma ya kioo.

Lakini kidaka hakihamishiki. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi wa vitu vya kale akishapita, fundi anaziba tundu kwa saruji, anapaka rangi, basi.