Ajira Tete katika Vyuo Vikuu

Miongoni mwa maneno yatumikayo vyuoni mwetu pasipo kuhojiwa ni hili la mhadhiri wa muda, ambalo alisikiaye hudhani kazi yenyewe ni ya kupita, ilhali somo la uhasibu au la takwimu hufundishwa mwaka hadi mwaka na wanafunzi hawakomi kuja. Apitaye ni mwajiriwa peke yake. Kwa sababu hiyo naona istilahi iliyo sahihi ni ajira tete, kwa kuwa aibu ya udhaifu huiweka juu ya mkataba, wala si juu ya mwalimu aliye hodari wa fani yake.

Wazungu hulitaja jambo hili kwa neno litokanalo na lile la Kilatini precarium, ambalo katika sheria za Warumi lilihusu mali aliyopewa mtu baada ya kuiomba, na mwenye mali akabaki na hiari ya kuitwaa wakati wowote. Wapo watakaopendelea kusema ajira ya hisani. Lakini hisani hushukuriwa, na ujira wa aliyefanya kazi ni haki yake.

Kwa mfano wa kazi ipitayo kweli, tuutazame Mkoa wa Simiyu nchini Tanzania. Ni nchi ya pamba, na kila msimu wa ununuzi ufunguliwapo, vinu vya kuchambulia huchukua vibarua ambao huondoka pamba iishapo. Leo Bariadi ina pia kampasi ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha, neema kubwa kwa mkoa ulioanzishwa 2012. Na elimu ya juu inapofika mikoani namna hii, yafaa tuulize mapema wafundishao wataajiriwaje. Kibarua wa kinu anajua pamba itakwisha. Mhadhiri wa muda hupewa barua itajayo somo, idadi ya saa na malipo ya kila saa, lakini kuandaa mihadhara na kusahihisha mitihani usiku mara nyingi hakumo, wala bima ya afya, wala akiba ya uzeeni. Mtafiti wa mradi naye, fedha za mfadhili zikikatika, huondoka hata kabla ya kuchambua takwimu alizozikusanya vijijini.

Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 huhesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kuhuisha mkataba wa muda maalumu ambao mfanyakazi alikuwa na sababu ya haki kutarajia uhuishwe. Na miezi sita ya utumishi inayotakiwa ili kupata kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki yaweza kujumlishwa kutoka mikataba zaidi ya mmoja kwa mwajiri yule yule. Basi barua za mihula iliyopita zisitupwe.