Ukuta wa Zamani na Ukuta Mpya

Mwaka 1911 Wasalesiani wa kwanza, pamoja na Padri Joseph Sak, walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka 1912 wakafungua masomo ya watoto wa Wazungu, yanayoitwa sasa Collège Imara. Katika mji huu mabati yalikuja kwa gari la moshi, lililofika toka kusini mwaka 1910. Lakini udongo wa matofali ulichimbwa katika vichuguu vya hapa hapa. Baba zetu walifyatua, wakachoma, wakajenga. Watoto wao hawakuingia.

Tulipoongeza madarasa katika masomo ya parokia yetu, mafundi walitaka bloki za simenti, nazo ni za haraka. Wazee walikataa: tofali la kichuguu lifuate tofali la kichuguu. Tuliwasikia. Hata hivyo rangi zapitana, na kiungio chaonekana toka barabarani.