Usaili wa benki, mjomba na siku 14

Najua nimepotea. Kuna jamaa kanitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo hapahapa Mzumbe, nimebanwa tu. Kama mnakumbuka, baada ya kumaliza digrii ya rasilimali watu nilizunguka mtaani na bahasha ya kaki hadi ikachanika, ndipo nikarudi kupiga uzamili. Sasa kuna benki moja (jina nalihifadhi, msije mkaniwekea nuksi) imetangaza nafasi za afisa rasilimali watu, na mimi nimeitwa kwenye usaili wa kuandika. Jumamosi ijayo, Dodoma. Kwa hiyo wiki hizi ni msuli tu, mchana na usiku.

Leo lakini siandiki kuhusu msuli. Naandika historia kidogo, maana historia ndiyo iliyonifundisha kwa nini nilifeli mara ya kwanza.

Mwaka juzi niliitwa kwenye usaili kama huu kwa mwajiri mwingine. Sehemu ya hesabu za haraka nilimudu, Kiingereza nacho hakikunitisha. Swali la mwisho likawa kisa: tawi linafungwa, lina wafanyakazi 12, wewe ndiye afisa, eleza hatua kwa hatua utafanya nini. Nikaona hili langu. Nikamwaga desa lote: maana ya upangaji wa rasilimali watu, umuhimu wake, pointi sita kwa mpangilio. Nikatoka nachekelea. Majina yalipotoka nikayasoma kutoka juu hadi chini, halafu chini hadi juu. Simo.

Mama alikuwa ameuza kahawa yote ya msimu ule ili nipate nauli na viatu. Hakusema neno. Alisema tu, "Viatu si vipo? Utavivaa tena."

Likizo iliyopita nikaenda nyumbani Rulenge. Wasioijua Rulenge: ipo wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, upande wa mpakani na Burundi na Rwanda. Ukitoka huku Morogoro unapita Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, unafika Nyakanazi kule Biharamulo mgongo ukiwa haupo tena, na safari bado inaendelea. Jioni moja nimekaa na mjomba chini ya mparachichi, mimi na madesa yangu, akaniuliza swali ambalo mhadhiri hajawahi kuniuliza: "Hivi zamani watu waliingiaje kazini kabla ya hiyo mitihani yenu?"

Nikaanza kumjibu, nikagundua najua vipande vipande tu. Niliporudi chuo nikaviunganisha. Vilivyopatikana ndivyo hivi.

Kwetu, Bushubi na kwa majirani zetu wa Bugufi, kazi kubwa ya zamani ilikuwa kutawala, na utawala ulikuwa wa ukoo. Usaili wako ulikuwa ni baba yako nani. Mkoloni alipokuja hakuuondoa mfumo huo, aliutumia. Hata hiki chuo ninachosomea kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, kuwafundisha machifu, watumishi wao na madiwani. Yaani mtu alikuwa anaipata kazi kwanza kwa damu, halafu ndiyo analetwa Mzumbe kufundishwa namna ya kuifanya. Uchifu ulipofutwa mwaka 1963, chuo kilibaki, kikageuka. Mwaka 1972 kikawa IDM, mwaka 2001 kikawa chuo kikuu.

Benki ilikuwa na ukoo wake wa namna nyingine: rangi. Wakati wa mkoloni mameneja walikuwa Wazungu, makarani wengi Wahindi, na Mwafrika mara nyingi alikuwa tarishi au mlinzi. Hakukuwa na mtihani wa kukutoa kwenye ngazi moja kwenda nyingine. Ngozi ilishajibu maswali yote.

Uhuru ukaja mwaka 1961 lakini benki hazikubadilika siku hiyo. Benki Kuu yetu ilifungua milango Juni 1966, gavana wa kwanza akiwa Edwin Mtei. Halafu likaja tukio ambalo kila mtu wa rasilimali watu angepaswa kulijua. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha linatangazwa, kesho yake benki binafsi zinataifishwa. Zinaunganishwa, inazaliwa NBC, anakabidhiwa Amon Nsekela. Zile benki kubwa za Kiingereza zikaondoa wataalamu wao haraka haraka. Fikiria wewe ndiye mwenye utumishi asubuhi ile: matawi yapo, pesa za watu zipo, mameneja wanafunga mizigo. Nani atashika funguo za chumba cha fedha?

Walishika makarani. Vijana waliokuwa wanajaza vitabu wakajikuta wakubwa wa idara, wakijifunza kazi huku wanaifanya. Benki hazikuanguka. Mimi hapo huwa natulia kidogo, kwa sababu ile ilikuwa ajira kubwa isiyo na mtihani, na kilichowabeba wale watu ni kwamba kazi waliijua kwa mikono. Miaka mitano baadaye, 1972, ndiyo kikaanzishwa chuo cha IFM pale Dar es Salaam, ili nchi iwe na mahali pa kuwafunda watu wa fedha.

Kikaja kizazi cha kupangiwa. Wazee wetu waliosoma chuo kikuu miaka ile hawakutafuta kazi, kazi iliwatafuta wao. Ukihitimu serikali inakupangia kituo. Ila mlango ulikuwa na bawabu wake. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana wa kawaida hakutoka kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Alitakiwa kwanza kufanya kazi na kupata mapendekezo ya kazini na ya chama. Tabia yako na siasa yako vilikuwa sehemu ya usaili. Kwa aliyependwa na viongozi wa tawi ilikuwa sawa. Aliyekuwa na mdomo...

Halafu pesa ikaisha. Sheria ya benki ya mwaka 1991 ikafungua milango kwa benki binafsi, na NBC iliyokuwa imelemewa na hasara ikagawanywa mwaka 1997: NBC mpya upande mmoja, NMB upande mwingine. Miaka hiyo hiyo mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa au kufungwa na watu wanapunguzwa. Kupangiwa kukafa. Ndipo likaja lile neno tunalolijua wote, undugunaizesheni. Kazi ipo, ila mjomba wako nani?

Mtihani ulizaliwa kupambana na swali hilo, na si kwetu tu. Wachina waliutumia kuchagua maofisa wa mfalme kwa zaidi ya miaka 1,000 mpaka walipoufuta mwaka 1905. Uingereza ilipata ripoti yake mwaka 1854, iliyotaka watumishi wa serikali wapatikane kwa mitihani ya ushindani badala ya barua za wakubwa. Sisi Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 iliweka suala la sifa na ushindani, na marekebisho ya mwaka 2007 yakaleta Sekretarieti ya Ajira. Benki binafsi nazo zina michujo yake. Mnakumbuka Juni 2014, watu zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji? Tulicheka picha zile. Lakini kila aliyekaa pale aliamini kwamba karatasi haitamuuliza ukoo wake.

Haya yote nilimweleza mjomba kwa simu. Akasikiliza, akasema, "Sawa. Lakini kwetu kuna ajira moja umeisahau."

Kweli nilikuwa nimeisahau, na ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kufika Ngara.

Mwishoni mwa Aprili 1994 watu takribani 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitokea Rwanda, ndani ya saa 24 hivi. Ghafla pale Benaco pakawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Mashirika ya misaada yakaja na magari, mahema na redio za upepo, yakahitaji madereva, walinzi, makarani wa stoo, wakalimani. Mjomba alikuwa na kidato cha nne na anajua Kishubi, Kihangaza, Kiswahili na Kiingereza cha kuombea maji. Usaili wake ulichukua dakika moja, getini. Mzungu alimpa karatasi akamwambia andika idadi ya magunia yale. Akahesabu, akaandika. Kesho yake akaanza kazi ya stoo.

"Miaka miwili ile," anasema, "nyumba hii ndiyo ilipopata bati."

Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarudishwa kwao, barabara ikajaa watu upande mmoja kama ilivyojaa walipokuja. Warundi walibaki Lukole miaka mingine, lakini stoo ya mjomba ilikuwa ya Wanyarwanda. Asubuhi moja akafika kazini akakuta kufuli. Mlinzi akamwambia wakubwa wameondoka, majina ya watakaobaki yapo ukutani. Lake halikuwepo. Hakupewa notisi wala barua, na hakuna aliyemuuliza chochote. Sheria za kazi zilikuwepo hata wakati huo, ila nani angekwenda kuzidai, na wapi?

Hapo simu ikawa kimya, na mimi nikaliona lile swali langu la mwaka juzi. Tawi linafungwa. Wafanyakazi 12. Utafanya nini?

Wadau, jibu lilikuwa mjomba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 38, ndiyo inayosema. Ukitaka kupunguza watu kwa sababu za uendeshaji unatoa taarifa ya nia hiyo mapema iwezekanavyo. Unaweka wazi taarifa zote zinazohusika. Unakaa nao, au na chama chao, kabla hujaamua: sababu ni nini, tunaweza kuepukaje, tutachaguaje nani aondoke, lini, na watalipwa nini. Kwa wa mshahara wa mwezi notisi isipungue siku 28. Kiinua mgongo cha chini ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Hapo kuna mtego wa mtihani: aliyekaa miaka 14 kwa kima hicho anahesabiwa 10, yaani siku 70, siyo 98. Na mwisho unampa kila mtu cheti cha utumishi, ili akienda kwingine aonyeshe alikuwa nani.

Haya yote nilikuwa nayo kwenye desa mwaka juzi. Nilikuwa nayo kama namba tu. Sikujua kwamba kila kifungu kinamjibu mtu aliyewahi kusimama mbele ya kufuli.

Nilipiga hesabu ya mjomba kwa sheria ya leo. Alianza Juni 1994, akatolewa Desemba 1996. Miaka iliyokamilika ni 2. Siku 14. Nilipomwambia alicheka sana, halafu akanyamaza, halafu akasema, "Siku 14 zingetosha kununua mbuzi. Lakini mwanangu, mimi hicho cheti ndicho ningekitaka. Kila nilipoomba kazi ya stoo waliniuliza nina uzoefu gani, na mimi sina karatasi."

Miaka yote hii najisomea kazi ya afisa rasilimali watu nikidhani ni kazi ya kuchagua nani aingie. Sasa naona nusu yake ni namna mtu anavyotoka. Kuingia, kila zama imekuwa na bawabu wake: ukoo, rangi, chama, mjomba wa mjini, sasa karatasi ya maswali. Karatasi ni bora kuliko wale wengine, hilo nalisema bila kuficha, maana mtoto wa Rulenge asiyejulikana na mtu Dodoma hana mlango mwingine. Lakini nayo ina upendeleo wake. Aliyesoma shule yenye vitabu na umeme anaingia chumbani akiwa ameshaanza mbio. Na haiwezi kupima kama utamtazama mtu usoni siku tawi linapofungwa.

Kwa hiyo nimebadili namna ya kupiga msuli. Asubuhi hesabu za haraka, nusu saa kwa saa ya ukutani, bila kikokotoo. Mchana sheria, kila kifungu natunga kisa changu, cha mtu ninayemjua. Mjamzito na siku zake 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja: huyo ni dada yangu. Kubaguliwa kwa kabila au mahali ulipotoka: huyo ni mimi, siku ile niliyoulizwa Ngara ni Tanzania au Burundi. Usiku nasoma kuhusu benki zenyewe. Desa sijalitupa, ila sasa nalisoma nikiwa na sura za watu kichwani.

Ijumaa asubuhi napanda gari kwenda Dodoma. Viatu ni vilevile, nimevipeleka kwa fundi vikashonwa soli. Mama amepiga simu mara moja tu, kuuliza kama nakula. Mjomba ametuma ujumbe: "Ukipata hiyo kazi, usisahau kuandika vyeti vya watu."

Matokeo yakitoka nitawaambia, yakiwa mazuri au mabaya. Kama kuna mdau mwingine ameitwa Jumamosi, tutafutane pale nje kabla ya saa mbili, tupeane moyo. Tuombeane.